Kitufe cha Kujibu

Blogu yangu niliianzia kwenye atelie yangu ya kushona, hapa mtaa wa Kasenga, Uvira, katikati ya wateja. Nilikuwa nikimaliza kukata kitambaa ninaketi, ninachukua simu na kuandika: jinsi ziwa lilivyopanda likaingia kwenye nyumba za chini, jinsi mama yangu alivyoanika visamaki vya ndagala, watu tuliowazika na mambo yaliyowachekesha. Niliandika Kiswahili. Mtoto wa mjomba wangu, aliyesomea kompyuta Bukavu na mwenye ofisi ndogo kando ya barabara kubwa, ndiye aliyenitengenezea. Alinishauri niandike Kifaransa kama nilitaka kusomwa na watu wa maana. Nilimjibu kwamba watu wangu wa maana hawasomi Kifaransa. Alicheka, akaitengeneza kama nilivyotaka, lakini neno la siri akabaki nalo yeye, nisije nikaharibu kitu.

Siku moja niliandika habari ya mama mkubwa, dada wa mama yangu, anayelima mpunga Bwegera, kule uwandani. Mume wake alipofariki, mashemeji zake walimwambia kwamba mwanamke asiye na mtoto wa kiume hana shamba. Yeye hakwenda kwa chifu wala kwa mchungaji. Alingoja maji yafunguliwe kwenye mfereji, akabeba miche ya mpunga kichwani, akaingia kwenye tope na kuanza kupandikiza huku mashemeji wamesimama kwenye tuta wakimtazama. Shamba lile analo hadi leo. Niliiandika kama nilivyoisikia kwa mama yangu, na nikamalizia kwamba alipanda huku analia.

Watu waliipenda. Habari ikafika Bwegera kabla mimi sijafika, na jirani mmoja akamwambia mama mkubwa kwamba yumo kwenye simu. Alinipigia. Macho yake yamefifia siku nyingi, na hata yalipokuwa mazima hakuwahi kufundishwa kusoma. Aliniuliza nitaandikaje mambo yake halafu yeye mwenyewe asiyasikie.

Nilikwenda kwa mtoto wa mjomba nikamwambia ninataka kitufe cha kusikiliza. Mtu akikibonyeza, asikie sauti yangu nikisoma. Alisema kitu hicho kitakula mega za intaneti za watu na hakuna atakayekitumia. Nikamwambia yuko mmoja tayari. Basi akakiweka, na chini yake, kwa kuwa nilimsumbua, akaweka kingine cha kuchukua sauti na kuihifadhi, ili mtu wa Bwegera au Luberizi akipata mtandao mara moja tu sokoni, akasikilize nyumbani atakavyo.

Mama mkubwa alisikiliza mara moja. Akanipigia tena.

"Nani alikuambia minye nililia?" aliuliza. "Weye unaandika machozi yenye sikutoa. Sikulia. Nilikuwa na kasirani."

Nilimwomba radhi, nikamwambia nitalifuta lile neno. Hakutaka. Alisema watu wameshasikia uongo kwa sauti yangu, basi wasikie ukweli kwa sauti yake, na mimi nitafute namna. Nami nikaona haki iko kwake. Kwa nini watu wangu, ambao maneno yao yote yako mdomoni, walazimike kuandika ili wanijibu? Safari hii mtoto wa mjomba alikataa kabisa. Alisema ukiwapa watu kitufe cha kujibu kwa sauti, watakuja na matusi, na ofisi anazozifanyia kazi hata siku moja hazijaomba kitu kama hicho. Nilimjibu kwamba mimi si ofisi. Nikaahidi kusikiliza kila sauti kabla haijatoka hadharani. Tulibishana hadi akachoka, na kitufe kikawekwa.

Barabara ilikuwa wazi wiki ile. Nilipanda gari la Bukavu nikashukia Bwegera. Mama mkubwa alikuwa kwenye mkeka akipepeta mchele kwa vidole tu, bila kuutazama. Nilimwonyesha pa kubonyeza, akaisogeza simu karibu na mdomo na kusema kama mtu anayeongea na jirani wa ng'ambo ya mfereji. Alisema hakulia. Alisema shemeji mkubwa alishuka kutoka kwenye tuta akang'oa miche aliyokwisha kuipanda, naye akaiokota na kuipanda upya. Akang'oa tena, naye akapanda tena. Ndipo wanawake waliokuwa kwenye mashamba ya jirani wakaacha ya kwao, wakaingia kwenye tope pamoja naye bila kusema neno, wakapanda mistari mingi kuliko mikono ya mwanamume mmoja inavyoweza kung'oa. "Ile ndiyo ilikuwa," alimalizia, kisha akaniuliza kama mashini imesikia.

Sehemu hiyo ya wanawake mama yangu hakunisimulia kamwe. Nilipanda gari la kurudi na furaha ambayo siwezi kuieleza vizuri.

Sauti yake ilisambaa uwanda mzima. Wanawake waliichukua kwa kile kitufe, wakarushiana simu kwa simu, wakaisikiliza wakipalilia. Wengine walianza kujibu, na nilisikiliza kila jibu kwanza, kama nilivyoahidi. Matusi yalikuwa machache, nami niliyafuta. Mengi yalikuwa mashamba, mashamba, mashamba.

Yule shemeji mkubwa alikwisha kufariki. Mama mkubwa hakutaja jina lake, lakini Bwegera hakuna asiyemjua, na mwanawe ni mtu wa heshima hapa Uvira, ana duka la saruji na mabati, na kanisani kwetu ni mzee wa kanisa. Alikuja kwenye atelie mchana, amevaa shati nililolishona mimi mwenyewe. Nilimpa kiti, hakukaa.

"Dada, iko namna ya kufuta ile kitu?" aliuliza.

"Iko."

"Basi ufute."

Nilimwambia sifuti. Aliniuliza kama siwezi au sitaki, nikamjibu sitaki. Hapo alikaa. Alizungumza kwa upole, na sitasema uongo, alinigusa. Alisema baba yake ni marehemu, hawezi kujitetea, na watoto wanasikia babu yao akitajwa kama mwizi wa shamba. Nilimwelewa. Nilimwonyesha kitufe cha kujibu nikamwambia nafasi iko, aseme yote anayoyajua juu ya baba yake, mazuri na mengine, nami nitaiweka sauti yake papo hapo chini ya ile ya mama mkubwa, bila kukata neno. Aliitazama simu kama kitu kichafu. Alisema yeye hawezi kubishana na mwanamke mzee ndani ya mashini, akainuka, akaenda zake.

Haikupita wiki, mwanamke mmoja wa Luberizi akanipigia kuuliza kwa nini nimeondoa ukurasa. Nilifungua nikakuta mahali pa mama mkubwa ni peupe. Maandishi yangu hayapo, sauti yake haipo, majibu ya wale wanawake hayapo. Ikanijia kasirani, nikaelewa alichotaka kunieleza mama mkubwa aliposema hakulia.

Nilifunga atelie nikaenda ofisini kwa mtoto wa mjomba. Hakukana. Alikuwa anatengeneza tovuti ya lile duka la saruji, na mwenye duka alimwomba. Alisema alifanya hivyo kunilinda, kwa sababu mimi ninaishi na hawa watu, ninasali nao, ninawashonea. Nilimwomba neno la siri. Alisema nitaharibu. Nikamwambia blogu ni yangu, niharibu mwenyewe.

Alirudi kwenye kompyuta yake kana kwamba nimeondoka. Sikuondoka. Nilikaa kwenye benchi la wateja. Kila aliyeingia alinisalimu na kuniuliza ninangoja nini, nami nilimweleza kwa sauti ya kawaida kwamba huyu ndugu yangu amefuta maneno ya mama mkubwa wetu na ninangoja funguo za nyumba yangu. Wengine walikaa kusikiliza. Mama mmoja aliyekuja kupiga fotokopi alimwuliza moja kwa moja kama ni kweli. Kabla jua halijafika milimani, mtoto wa mjomba alichukua kalamu, akaniandikia neno la siri kwenye kiganja cha mkono, kwa hasira, akiikandamiza kalamu.

Maandishi yangu nilikuwa nayo kwenye simu. Sauti ya mama mkubwa sikuwa nayo, na mtoto wa mjomba alikuwa ameifuta hata kwenye mashini yake. Nilimpigia mama mkubwa kumwomba aseme upya. Alikataa. Alisema ile siku alisema yote, na mtu akilazimishwa kurudia ukweli anaanza kuupamba. Halafu akaniuliza, kwa kunishangaa, kwa nini ninahangaika wakati kijiji kizima kinayo.

Ni kweli, walikuwa nayo. Mwanamke anayeleta mchele wa Bwegera kuuza Uvira alipita kwenye atelie siku ya soko, akafungua simu yake yenye kioo kilichopasuka, na sauti ikatoka, nzima, hata kile kikohozi cha mwanzo. Aliniambia mume wake anayo, dada yake anayo. Niliipandisha kwenye blogu yeye akiwa amesimama pale na gunia lake, na tulipoisikia ikitoka kwenye simu yangu alipiga makofi mara moja, akabeba mzigo akaendelea na soko.

Tangu siku hiyo nilianza kujifunza kazi ya blogu kama nilivyojifunza cherehani, kwa kukosea na kufumua. Nilibadilisha neno la siri. Nilijifunza kutunza nakala ya kila kitu zaidi ya mahali pamoja. Nilizipunguza picha uzito ili ukurasa ufunguke hata mtandao ukiwa wa kusuasua. Kisha nikaweka kisanduku cha kutafuta, na hapo nilikasirika upya, maana kilikuwa kinajua Kiswahili cha vitabu tu. Mtu akiandika "mimi" kinamletea kila kitu, akiandika "minye" kinamjibu hakuna. Hakuna? Sisi ndio hatuko? Nilikaa nacho hadi nikakifundisha, neno kwa neno, kwamba minye ni mimi na weye ni wewe, na kwamba mtu anayeandika "bugali" na anayeandika "ugali" wana njaa moja.

Jumapili moja yule mzee wa kanisa alisimama kutoa matangazo, akasema wapo wanaouza aibu za familia kwenye simu. Hakunitaja. Hakukuwa na haja, vichwa viligeuka vyenyewe. Nilibaki nimekaa, uso juu, na wimbo uliofuata niliuimba kwa sauti kubwa kuliko kawaida yangu. Baadaye wamama wa kwaya walikuja kuniambia kwamba sare zao za sikukuu, ambazo nilikuwa nimeshawapima, zitashonwa na mtu mwingine. Mmoja alinong'ona kwamba nikifuta ule ukurasa kazi itarudi. Kazi ile niliihitaji. Nilimwambia vipimo vyao ninavyo, wakimpata huyo fundi wamtume kwangu nimpe, lakini ukurasa unabaki. Waliondoka, na nilishona nguo nyingine siku nzima.

Mtu niliyekuwa simtegemei ndiye aliyekuja. Ni dada wa yule mzee wa kanisa, mtoto wa kwanza wa marehemu, mama mkimya ambaye nilikuwa ninamsalimu tu mlangoni mwa kanisa. Alileta gauni lipunguzwe kiuno. Nilipokuwa ninaweka pini, alisema amesikiliza sauti ya yule mama wa Bwegera, na kwamba siku ile alikuwepo, msichana, alitumwa kumpelekea baba yake chakula shambani. Aliniuliza kile kitufe kiko wapi. Nikamwuliza kama ana hakika, maana kaka yake ataisikia. Alisema ndiyo maana amekuja mwenyewe.

Alikibonyeza akiwa bado amevaa gauni lenye pini. "Minye ni binti yake," alisema. "Baba aling'oa ile miche. Niliona." Kisha akaongeza kwamba baba yake alikuwa mtu mwema kwa mambo mengi, na lile halikuwa moja ya hayo.

Niliiweka chini ya sauti ya mama mkubwa. Kaka yake hakurudi tena kwangu, wala hakusema tena kitu kwenye matangazo. Kwaya ilivaa sare zilizoshonwa kwingine, na hadi leo baadhi ya wamama hunipita barabarani. Mtoto wa mjomba tunasalimiana. Mama mkubwa nilimpelekea habari, nikamsomea na kumsikilizisha. Aliuliza yule binti ameolewa wapi na kama mume wake anamtendea vizuri.

Juzi mtoto wa mjomba alinipigia. Alikuwa amepita kwenye blogu akasikia mama wa Luberizi akieleza jinsi ng'ombe wa mtu mkubwa walivyoingia kwenye mpunga wake, na jinsi alivyofungiwa mlango alipokwenda kudai. Alinishauri, kwa nia njema naamini, nikizime kile kitufe kabla mambo hayajanifika. Nilimwambia nilikwishaongea na yule mama na jirani zake, nimejua ni kweli. Nikamshukuru. Kisha nikaifungua blogu, nikaichukua ile sauti kutoka chini ilikokuwa, nikaiweka juu kabisa.