Shiromani Juu ya Meza

Nilizaliwa Majunga, kule Bukini, nchi kubwa jirani ya Komoro, nikafukuzwa huko nikiwa msichana wa miaka kumi na tatu. Kwa hiyo watu wakianza kubishana kama ni heri kuishi nchi kubwa au kisiwa kidogo, huwa sina subira nao. Nimekaa kote kuwili. Bukini unaweza kupanda lori siku tatu usiione bahari, makundi ya ng'ombe yanapita barabarani mpaka unachoka kuyasubiri, na mchele tulikuwa tunanunua kwa gunia. Yote hayo yalikuwepo siku majirani walipotugeukia sisi watu wa Komoro, na hayakutusaidia kitu.

Mama yangu alikuwa mshonaji. Tulipokimbilia kambi ya askari, cherehani yake alimwachia jirani wa ukuta mmoja, mwanamke waliyenyonyesheana watoto. "Siku mbili tatu tu," mama alimwambia. Mauaji yalipopoa, kabla hatujapandishwa ndege, mama alikwenda na askari mmoja kuichukua. Jirani akasimama mlangoni. Nyuma yake cherehani inaonekana, na chini ya sindano tayari kuna nguo ya mtu. Akasema, "Hakuna kitu cha mtu hapa," akafunga mlango. Mama alirudi kambini mikono mitupu na hakulia, jambo lililonitisha kuliko kama angelia.

Moroni walitupokea, sikatai. Walitupokea kisha wakatupachika jina la shirika la ndege lililotushusha, na jina hilo tunaitwa hadi leo, sisi na watoto wetu waliozaliwa hapahapa. Ngazija, kisiwa chenye Moroni, haina mto hata mmoja. Msichana aliyezoea kufua kwenye maji yanayokwenda nilifundishwa kuinamia birika la zege la kukingia mvua na kuhesabu ndoo. Na kila mama alipochoka, kila alipoumwa, kila mgeni alipokuja, aliisimulia cherehani yake. Aliisimulia kwa maneno yaleyale, na mwisho aliiga sauti ya yule jirani: hakuna kitu cha mtu hapa. Nilikuwa naondoka chumbani kabla hajafika hapo.

Nilipokuwa mtu mzima, nina mume na binti mmoja, nilikwenda kutafuta riziki soko la Volo Volo. Nilikuwa na gunia moja la vitunguu na sina mahali pa kukaa. Sokoni pale mahali hapapatikani hivihivi. Kila meza ina mwenyewe, na mwenyewe ana dada zake na shangazi zake. Aliyenipisha alikuwa mwanamke wa Mutsamudu, kisiwa cha pili, Anzwani. Alikuwa na meza ndefu upande wenye kivuli, akiuza nyanya, karoti na karafuu zilizotoka kwao. Alinitazama nilivyosimama juani, akasogeza karoti zake. "Kaa hapa mwisho, mdogo wangu, kabla vitunguu havijaiva vyenyewe." Sikumlipa chochote, wala hakudai. Tulikaa hivyo miaka saba.

Alikuwa mchokozi, na mimi pia. Aligonga meza mara mbili kwa kifundo cha kidole kabla ya kutaja bei, kama hakimu, na bei ikishatajwa haishuki. Kisiwa chake kilikuwa kidogo kuliko chetu, na hakuacha kunikumbusha kwamba udogo si umaskini.

"Nyinyi Ngazija mna nini?" aliniuliza. "Mna rais, mna redio, mna mawe meusi. Meli ikija inatia nanga kule mbali, mnakwenda kuipapasa kwa matishari. Kwetu meli inafunga gatini, watu wanashuka wamevaa viatu vikavu. Mito tunayo. Karafuu tunayo, langilangi tunayo."

"Mbona basi uko huku?" nikamjibu.

"Kwa sababu kila tunachouza, pesa yake inapita kwenu kwanza, ikitoka imekonda."

Tulicheka. Lakini hakuwa akitania sana. Alikuwa na binti, na huku kwetu kote, Moroni na Mutsamudu, binti hujengewa nyumba na wazazi wake; mume ndiye anayehamia. Msichana asiye na nyumba haozwi kwa heshima. Mume wa mwenzangu alikuwa amefariki, kwa hiyo nyumba ile ilijengwa na meza ile: mfuko wa saruji mwezi huu, nondo mwezi ujao, vyote vinapakiwa bandarini Moroni kwenda Mutsamudu. Msingi ulikuwa umekwisha, na kuta zilikuwa zimefika usawa wa madirisha. Alinieleza kila tofali. Mimi nilikuwa bado sina hata kiwanja cha binti yangu, na nitasema kweli, nilikuwa namwonea wivu.

Kisha Anzwani wakasema wamejitoa katika muungano wa visiwa. Walitaka warudi kwa Mfaransa, maana waliwaona jirani zao wa kisiwa cha Maore waliobaki naye: mwalimu analipwa kila mwezi, hospitali ina dawa. Mfaransa hakuwataka. Wakabaki peke yao, kisiwa kimoja kinachojiita nchi. Askari walitumwa kutoka kwetu kwenda kuwarudisha, na wengine hawakurudi. Maiti haziji, habari haziji, na Moroni ikaanza kuwatazama vibaya watu wa Anzwani waliokuwa wakituuzia karoti. Nilikuwa nalijua jicho lile. Nililiona mara ya kwanza nikiwa na miaka kumi na tatu.

Mazungumzo ya viongozi yalipovunjika, vijana walitoka barabarani na fimbo, wakasimamisha magari na kuwashusha watu wa kule. Asubuhi moja mwenzangu alikuja nyumbani kwangu, hakwenda sokoni. Kulikuwa na chombo kinaondoka na watu wao wote watakaowahi. Alivua shiromani yake, ile shuka nyekundu na nyeupe wanayojifunika wanawake wa Anzwani, akaikunja, akanipa.

"Itandike upande wangu kila siku," akasema. "Watu wakiiona watajua pana mwenyewe. Mwezi mmoja tu, mdogo wangu. Nikipoteza meza ile nyumba ya mtoto itabaki hivyohivyo, bila paa."

"Nitaitandika," nikasema. Mama yangu alikuwa amekaa mlangoni, anatusikiliza. Alimpa mwenzangu leso yake ajifunike kichwa, wakaagana.

Niliitandika siku tatu. Siku ya nne walikuja vijana watano au sita. Mmoja nilimjua; mama yake alikuwa mteja wangu. Aliinua pindo la shuka kwa ncha ya fimbo.

"Hii ya nani?"

"Nguo tu, mwanangu."

"Hii nguo ya watu wa kule. Yuko wapi mwenyewe? Na wewe si mtu wa kuja vilevile?"

Nikaivuta shuka, nikaisukumiza chini kwa mguu.

"Hakuna kitu cha mtu hapa," nikasema. "Meza yote ni yangu."

Wakaondoka. Mama yangu alikuwa nyuma yangu, juu ya gunia, anachambua vitunguu saumu kama alivyozoea kunisaidia. Nilipogeuka alikuwa ameacha kuchambua. Alifuta mikono, akainuka, akaenda nyumbani kwa miguu peke yake, na tangu siku hiyo hakuisimulia tena cherehani. Wageni walimwomba, wajukuu walimwomba. Alisema amesahau. Miaka yote nilikuwa natamani anyamaze, na aliponyamaza ndipo nikawa naisikia kila siku.

Sasa niseme lililo zito. Siku ile niliogopa, na hofu nadhani Mungu anaijua. Lakini vijana walichoka, fimbo zikatupwa, soko likarudi kuwa soko. Hakuna aliyeniuliza tena, na shiromani ilibaki chini ya meza. Nikasogeza vitunguu vyangu katikati, nikaongeza mchele wa rejareja na sabuni. Meza ndefu upande wenye kivuli, watumishi wa serikali wasiolipwa mishahara wananunua kidogokidogo, lakini wananunua kila siku. Mwaka haukwisha nikanunua kiwanja cha binti yangu.

Ndipo nilipoanza kusikia kugonga. Mara mbili, upande ule, adhuhuri, sokoni kumejaa watu. Mara ya kwanza niligeuka nikasema, "Bei gani, dada?" Wateja wakacheka. Nikacheka nao. Nikahamisha mzani ukae upande ule, nikaweka mifuko juu yake. Haikusaidia.

Habari za Anzwani zilifika kwa vipande. Walikuwa wamewekewa vikwazo. Simu zilikatwa, mafuta hayaingii, meli hazifungi tena kwenye gati lao zuri. Nilisikia watu wanapikia kuni za mikarafuu. Nilijiambia kwamba hata angekuwa na meza angeuza nini, nyanya zenyewe haziji. Nilijiambia hivyo mara nyingi.

Mama alipokuwa anaondoka duniani, visiwa vilikuwa vimeanza kupatana. Aliniita akasema, "Kilicho cha mtu kipeleke." Hakutaja kipi. Tulipokwisha kumsomea hitima ya arubaini, nikafua shiromani, nikapanda ndege ndogo, nikashuka Ouani, nikachukua taksi hadi Mutsamudu.

Mto ulikuwepo kama alivyojisifu, na wanawake wamo ndani wanafua. Gati nalo ni refu kweli, na siku ile lilikuwa na mashua mbili. Nilipita vichochoro vya mji wa kale nikaulizia mpaka nikafika kwa mwenzangu. Kuta za nyumba ya binti yake zilikuwa bado usawa wa madirisha. Nondo zimeota kutu, na ndani pameota mpapai uliokwisha kuzaa.

Mwenyewe alitoka jikoni kwake, pembeni tu, akapiga kelele, akanikumbatia. Alikuwa amekonda. Binti, akaniambia, yuko Maore. Alivuka kwa mashua, anafua nguo za watu, hana karatasi, hawezi kurudi, na huko amekaa na mwanamume bila harusi. Alisema hivyo huku ananipakulia mataba, majani ya muhogo yaliyopikwa kwa nazi, akagonga upawa mara mbili kwenye ukingo wa chungu. Kijiko kilinianguka.

"Na mahali petu?" akauliza. "Bado pako?"

Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu ndegeni. Nilitaka kumwambia: pako bado, ni mahali pako, rudi tukae. Nikafungua mdomo.

"Palichukuliwa, dada. Watu walikuja na fimbo."

"Nilijua," akasema taratibu. "Na wewe hawakukuumiza?"

Nikatoa shiromani mfukoni. Aliifungua, akainusa, akaanza kulia. Kisha akatoka hadi mlangoni akawaita majirani zake, wanawake wanne, watano, waje wanione. "Sote tuliacha vitu Moroni," aliwaambia, "na nani amerudishiwa? Mimi peke yangu. Mtazameni huyu. Mtu wa kuja, amefukuzwa kwao, anajua maana ya kitu cha mtu." Wakanishika mikono mmoja mmoja wakaniombea dua. Nikaitikia amina.

Wakati wa kuagana aliirudisha shuka begani kwangu. Alisema ni haki yangu, nijifunike nayo. Nikaipokea.

Nyumba ya binti yangu ina vyumba vitatu na birika lake, na harusi ilifanyika humo kwa heshima zote. Mimi nakaa chumba cha nyuma. Meza nilimwachia binti, na kugonga kumenifuata huku, kwenye mbao za kitanda. Mwenzangu yu hai. Kila Idi ananipigia simu kutoka Mutsamudu, ananiuliza kama bado ninayo shiromani. Namwambia ninayo.

Kiswahili nilifundishwa na marehemu baba, baharia aliyekulia Unguja. Mwenzangu hakijui, wala hana mtu wa kumsomea. Ndiyo sababu nimeyaandika haya kwa Kiswahili.