Sauti ya Mama Kata

Mama mdogo wangu ameongoza filamu nne. Rudia kusoma. Nne. Mtaani wanamjua kama fundi cherehani, na jina la Mama Kata wanadhani limetokana na mkasi. Limetokana na ile "Kata!" ya kusimamisha kamera, aliyokuwa anaipaza hadi majirani wanafunga madirisha.

Mwezi uliopita makavazi ya filamu yakatangaza kwamba yanatafuta kazi za zamani za wanawake waongozaji, yazisafishe na kuzihifadhi zisioze. Nikapeleka jina lake mbio. Wakajibu: leteni uthibitisho kabla ya Ijumaa. Maana kava za kanda zote nne zinasema mwongozaji ni shemeji yake, yaani mpiga kamera.

Nani aliandika hivyo? Yeye mwenyewe. Mwenye duka la kukodisha kanda alimwambia, "Dada, filamu ya mwanamke nani ataibeba?" Akaona isiwe tabu, bora itazamwe. Isiwe tabu! Hilo neno limezika wanawake wengi kuliko majembe.

Tukaenda kwa shemeji. Tulimkuta sebuleni, miguu kwenye beseni la maji moto.

"Shem, weka saini hapa, useme ukweli tu," Mama Kata akamwambia.

"Ukweli upi? Kamera si nilishika mimi?"

"Na nani alikuwa anakwambia uielekeze wapi?"

"Wewe ulikuwa unatupikia, shemeji."

"Nilikuwa nawapikia nikishamaliza kuwaongoza! Bila mimi ungepiga picha dari mwanzo mwisho."

Mzee akacheka, akakoroga maji kwa vidole vya miguu. "Wajukuu zangu wanajua babu yao aliongoza filamu. Leo niwaambie nini?"

Hakusaini. Na filamu zenyewe, nakala pekee zilizobaki, ziko stoo kwake, chini ya bati linalovuja.

Njiani nikakumbuka kitu. Wao walikuwa wanapiga picha kwanza, sauti za waigizaji wanaziingiza baadaye. Kwa hiyo wakati kamera inarekodi, Mama Kata alikuwa anaongea tu: geuka, polepole, sasa kaa. Kwenye filamu iliyokamilika sauti yake imefutwa. Kwenye kanda mbichi, zile za kamera kabla ya kuhaririwa, imo.

"Mama mdogo, kanda mbichi ziko wapi?"

Alinijibu tulipofika kwake. Kanda zilikuwa adimu, akasema, kwa hiyo filamu ya pili waliirekodi juu ya kanda mbichi za ya kwanza, ya tatu juu ya za ya pili, hivyo hivyo. Ujanja ulikuwa wake, na siku zile alijisifu nao. Alijifuta kwa mkono wake mwenyewe, mara tatu.

"Lakini ya nne haikufuatiwa na nyingine," nikasema.

"Haikufuatiwa."

Alhamisi nikaazima deki ya kuchezea kanda kwa fundi redio. Kanda zilikuwa tatu, kwenye sanduku la nguo chini ya kitanda. Ya kwanza ukungu umeila, chenga tupu. Ya pili: mahafali ya binti wa shemeji. Ya tatu: mahafali yale yale, mjomba mmoja anahutubia na hamalizi.

"Shemeji aliniomba kanda za shughuli," Mama Kata akasema. "Nikamwambia arekodi mwanzoni tu."

"Ukamwamini?"

"Ni shemeji yangu, mwanangu."

Mjomba akahutubia weee, halafu ghafla picha ikaruka. Mwanamke amesimama mlangoni, barua mkononi. Anatazama pembeni ya kamera, anatikisa kichwa kama mtu anayeitikia, kisha analia. Sekunde kumi na moja. Nikaongeza sauti hadi mwisho. Mvumo tu, njia ya sauti ilishakufa.

"Hapo ananiitikia mimi," akasema.

Nikakirekodi kipande hicho kwa simu, nikawatumia watu wa makavazi. Ijumaa saa nne asubuhi wakajibu kwa adabu: pembeni ya kamera haonekani mtu. Kwa hiyo filamu zinahesabiwa za mwanaume, na mradi huu si wa wanaume. Hawatazichukua. Shemeji naye kakosa, filamu zitaozea stoo kwake, na sioni cha kufurahia.

Nilimsomea jibu. Hakulia, afadhali angelia. Aliomba nirudishe kipande nyuma, tukakitazama tena, na tena.

"Alitakiwa asubiri kidogo kabla ya kulia," akasema. "Nilimharakisha."

Fundi redio akabisha hodi. Kafuata deki yake, kuna mteja anaisubiri. Nikachomoa waya.