Sajenti wa Bomba na Swali la Kumi na Moja

Kabla hajaitwa Sajenti alikuwa mshonaji wa sare za shule, mjane mpole kiasi, mwenye cherehani moja na chumba kimoja. Upole ulimwisha asubuhi moja kwenye foleni ya maji, pale wanawake wawili walipogombea nafasi na mmoja akamchoma mwenzake chini ya mbavu kwa kisu cha kumenyea viazi. Aliyechomwa alimwangukia miguuni. Mshonaji akajaribu kuliziba lile tundu kwa upindo wa gauni lake, damu ikapita tu, na huku anapiga kelele za kuomba msaada, watu nyuma yake waliendelea kusogeza ndoo. Kuna mmoja aliyemruka yule mama hali bado anatweta, ili asipoteze zamu. Siku hiyo, alizoea kusema, ndipo alipojua binadamu ni mnyama gani.

Wiki iliyofuata kamati ya mtaa ikatafuta mtu wa kukaa na ufunguo wa koki. Wanaume walitazama viatu vyao. Yeye akanyoosha mkono. Hakutaka kiti wala mwavuli, alitaka kipande cha mpira mnene wa maji, urefu wa mkono wake, na mwishoni aliacha kile kibano cha chuma cha kukazia, kwa sababu mpira mtupu, alisema, ni wa kufukuzia nzi.

Sheria zake zilikuwa mbili, na hata mtoto wa miaka minne alizijua. Ya kwanza, ndoo ni mtu: ukishaiweka kwenye mstari umesimama wewe, nenda kapike. Ya pili, zamu ya ndoo ikifika na mwenyewe hayupo, ndoo inatupwa. Tena si kusogezwa pembeni, kutupwa hasa, iruke ukuta ikaangukie barabarani, na ikipasuka imepasuka. Ukibisha, mpira. Alipiga mgongoni, alipiga mabegani, na akichemka sana alipiga popote. Fundi mmoja wa kuchomelea vyuma, pande la mtu, alivunjwa kidole akarudi kwa mkewe analia, na mtaa ukacheka mwezi mzima. Ila haki ya mtu apewe: miaka kumi na moja ilipita bila mtu kufa kwenye foleni ile.

Kisha mvua zikakosa adabu. Mwaka wa kwanza zilichelewa. Mwaka wa pili zilikuja siku tatu, zikang'oa mabati, zikaondoka nayo. Mwaka wa tatu hazikuja kabisa. Bwawa likashuka mpaka matope, na bomba lililokuwa likitoa maji kila siku likawa linatoa saa mbili tu, kila baada ya siku tatu. Ndoo sitini zikawa mia mbili. Wenyewe husema maji yakizidi unga. Huku kwetu yaliyopungua yalikuwa hayo hayo maji. Mpira ukapata kazi ambayo haujawahi kupata.

Mwaka huo wa tatu ndipo yalipomkuta mke wa kinyozi. Zamu yake ilifika hayupo, amekimbia nyumbani kumtazama mwanawe anayeharisha. Aliporudi anahema alikuta ndoo yake barabarani, mpini umekatika. Hakutukana. Alisema tu kwamba mtoto ana hali mbaya, akainama kuichomeka ndoo mbele, na mpira ulishuka wakati ule ule anainua uso. Kibano kilimpata kwenye jicho la kushoto. Aliketi chini polepole kama mtu aliyechoka, akajifunika kwa kiganja, na katikati ya vidole kikatiririka kitu ambacho hakikuwa damu tupu wala machozi. Sajenti akaita ndoo inayofuata. Baadaye alimpelekea sukari kilo mbili, na wiki nzima akamjazia maji bila foleni, akahesabu jambo limekwisha. Jicho halikurudi.

Katika yote aliyokuwa nayo duniani, alichoringia ni mtoto wa marehemu dada yake. Alimlea tangu ana miaka mitano, kwa chakula, kwa ada na kwa mpira. Sasa binti yuko mwaka wa mwisho chuo kikuu, na likizo hiyo alirudi na begi la fomu za utafiti: mabadiliko ya tabianchi na haki za binadamu, hasa haki ya maji. Tabianchi Sajenti hakuielewa vizuri. Haki aliielewa, na akajua moja kwa moja kuwa mtoto amekuja kuandika habari zake. Nani mwingine aliyekuwa akilinda haki mtaani pale?

Basi akaamua kusaidia, na hapo ndipo alipoharibu. Siku ya maji alitangaza kwamba asiyejibu hachoti. Akawapanga watu arobaini mstari wa pembeni mbele ya kimeza cha binti, naye akasimama nyuma ya bega la binti huyo, mpira mkononi, ili watu wasije wakafanyia elimu mzaha. Waliositasita aliwagonga mabegani. Fomu zote arobaini zilijaa kabla koki haijafungwa. Binti alitaka kusema neno, lakini amelelewa na mpira ule ule, akaandika tu.

Msimamizi wake chuoni alizisoma akicheka, halafu akaacha kucheka. Swali la kumi na moja liliuliza ni nani au ni kitu gani kimewahi kukuzuia kupata maji. Watu arobaini walijibu: hakuna. Mwaka wa tatu wa ukame, na hata mvua hawakuilaumu. Akamuuliza binti nani alikuwa amesimama karibu wakati anauliza. Binti akatazama sakafu. Fomu zikaenda kapuni, akaambiwa arudie upya, nyumba kwa nyumba, bila kuandika majina, azilete kabla mwezi haujaisha, la sivyo asitegemee shahada.

Alizunguka siku tisa, akimdanganya mama yake mdogo kwamba anatembelea rafiki zake wa shule. Mtaani siri haikai. Siku ya kumi, wakiwa wanakula mchana, Sajenti alimuuliza bila kuinua macho kama watu wamemjibu vizuri. Binti akasema wengi wamelalamikia ukame, na ofisi ya maji. Sajenti akaitikia kwa kichwa, ameridhika, akauliza na lile swali la kumi na moja je. Alikuwa amelisikia mara arobaini, amelikariri.

Binti akaweka kijiko chini. "Thelathini na mmoja wamekutaja wewe, mama mdogo."

Sajenti alicheka kwanza. Akataka asomewe, na binti akaanza kusoma, sauti yake ikizidi kuwa ndogo. Mmoja alitupiwa ndoo mara nne na sasa anapikia maji ya mtaro. Mwingine alipigwa mgongoni ana mimba ya miezi saba. Mwingine humtuma mama mkwe, kwa kuwa mzee hapigwi sana. Halafu ikaja fomu yenye maneno machache: nimebaki na jicho moja, nampisha tu, ufunguo anao yeye. Haikuwa na jina, lakini ilihitaji jina la nini?

Mkono ulitangulia akili. Mpira ulikuwa mbali, umetundikwa msumarini, kwa hiyo alitumia sahani ya bati iliyokuwa mbele yake, chakula na vyote. Ilimpata binti mdomoni kwa ukingo. Mdomo ukapasuka, damu ikadondokea kwenye karatasi.

"Kikulacho ki nguoni mwako," Sajenti alisema. "Bila mimi hawa wangeshauana. Wote."

"Ni kweli," binti alisema. Alitema damu kwenye kiganja, akaitazama. "Hilo nimeliandika. Lakini na haya pia ni kweli."

Akazikusanya fomu, akazipanga vizuri, akazisukuma upande wa pili wa meza. Alimweleza kwamba nakala nyingine hakuna. Alimweleza pia kwamba ofisi ya maji imeomba ripoti hiyo, na ikisomwa huko Sajenti atanyang'anywa ufunguo, na yeye binti hatamficha. Kama anataka kuzichoma, jiko lile pale. Binti atafeli, na hatamlaumu, ila keshokutwa jioni anasafiri, kwa hiyo Sajenti aamue kabla ya hapo. Kisha akaenda kuosha uso.

Sajenti alizitia chini ya godoro. Siku mbili zile alizitoa mara tatu, jiko likiwa linawaka, na mara tatu akazirudisha. Hasira ilikuwa ikimwunguza, tuseme ukweli, wala haikuwa hasira ya kujilaumu. Alitaka kuwajua hao thelathini na mmoja. Nyani haoni kundule, na Sajenti alizigeuza zile karatasi upande huu na upande huu akitafuta mwandiko, na mwandiko wote ulikuwa wa mpwa wake.

Keshokutwa ilikuwa siku ya maji. Ndoo zilishafika mia mbili na zaidi jua likiwa bado chini. Shikamoo Sajenti, marahaba, shikamoo Sajenti, na kila aliyemwamkia, Sajenti alimtazama usoni akijiuliza: ni wewe? Walikuwa na adabu ile ile ya siku zote. Maji yalitoka na rangi ya kutu, yakaenda nusu saa, kisha bomba likaanza kukohoa na kutema matone. Nyuma wakaanza kusukuma. Yule fundi wa kuchomelea, aliyevunjwa kidole zamani, akavuka ndoo kumi na tano kwa hatua mbili na kuweka dumu lake chini ya koki.

Sajenti akainua mpira.

Na hapo foleni yote ikajikunja. Si fundi peke yake. Mzee mmoja aliyekuwa mbali akainama akashika kisogo. Wanawake wakainua mikono usoni. Mama mwenye mtoto mchanga akageuka haraka, akampa Sajenti mgongo wake ili mtoto awe upande wa pili. Miaka yote hiyo alikuwa akiliona jambo lile, akiliita nidhamu. Mkono wake ukabaki juu, haushuki.

Ulibaki juu muda wa kuhesabu mpaka tano, na watu wakatambua kwamba hapigi. Foleni ikapasuka. Ndoo zikawa silaha, na vifuniko, na meno. Yule mzee akaanguka, wakampita juu, na mfupa wa mkono wake ulisikika ulivyokatika. Mke wa muuza mkaa alikamatwa nywele na kichwa chake kikagongeshwa kwenye nguzo ya zege mara mbili, na aliyekuwa akimgongesha ni jirani yake wa ukuta mmoja. Fundi alikuwa akipiga watu kwa dumu upande na upande, huku maji machache yakimwagika mchangani na kupotea bure. Mke wa kinyozi alibanwa ukutani kando ya koki. Upande wake wa kushoto, ambako haoni, mwanamume alikuwa akimpanda kama ngazi, goti limemkaa shingoni.

"Piga, Sajenti!" mke wa kinyozi alipiga kelele. "Piga, wanatuua!"

Wengine wakaidaka. Piga! Piga! Ilitoka mbele na nyuma, kwa waliokuwa chini na waliokuwa wakiwakanyaga, na bila shaka mle ndani walikuwemo karibu wote thelathini na mmoja.

Sajenti akapiga. Alimshusha yule mwanamume kwa pigo la mgongo, akamgeukia fundi na kibano kikamchana sikio mpaka likaning'inia. Alipiga viwiko, magoti, vifundo vya mikono. Alipiga huku machozi yanamtoka waziwazi, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona, na hakuna aliyepata nafasi ya kulishangaa. Baada ya muda mstari ukarudi. Mzee akainuliwa na kukalishwa kivulini, mkono wake umelegea. Matone yakaendelea, na watu wakachota kwa zamu, nusu ndoo kila mmoja, mpaka bomba likakauka.

Alirudi nyumbani mchana. Binti alikuwa amefunga begi lake, mdomo bado umevimba. Sajenti aliutupa mpira mlangoni, akainua godoro, akazileta zile fomu na kuziweka mezani. Akamwambia azihesabu. Binti akahesabu, zikatimia arobaini.

"Ongeza na ya leo," Sajenti alisema. "Mzee amevunjika mkono. Fundi sikio. Mke wa muuza mkaa amepasuka kichwa. Na uandike kwamba waliniambia nipige, usiliache hilo."

Binti akachukua kalamu, akaandika. Kisha akamuuliza kwa nini hakuzichoma.

Sajenti alikaa kitandani. Mikono aliiweka mapajani, akaitazama kama vitu vya kuazima.

"Mke wa kinyozi alipomaliza kuchota, nilitaka kumtwisha ndoo," alisema. "Mpira nilishauweka chini. Nilinyoosha mkono tu. Akafumba lile jicho lililobaki."