Maoni ya Mama Tani Kuhusu Michezo ya Kompyuta

Madereva wa malori walimwita Mama Tani, na jina hilo lilimkaa kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Alikuwa karani wa mizani kwenye machimbo ya kokoto. Lori likiingia tupu, analipima. Likirudi limejaa, analipima tena, anatoa tofauti, anachapa risiti, anaigonga muhuri na kuipitisha kwenye kitundu cha dirisha. Alikuja kumshikia mtu nafasi kwa miezi mitatu. Sasa ulikuwa mwaka wa tisa.

Kibanda chake kilikuwa cha vioo pande tatu, hatua nne kwa tatu. Kiti, meza, kompyuta, na feni iliyohamisha vumbi kutoka kona moja hadi nyingine. Ukutani ilibandikwa sheria: karani haondoki kwenye kiti geti likiwa wazi. Akibanwa na haja, ampigie simu askari wa getini aje kumshikia, na askari mwenyewe alikuwa mtu wa "nakuja, mama, nakuja" mpaka unakunja miguu. Kuacha kazi hakukuwa jambo la kusema tu. Hata nyumba aliyoishi na binti zake wawili, na mume ambaye mgongo wake ulishagoma kazi, ilikuwa ya kampuni.

Kati ya lori na lori alicheza michezo. Siyo ile mikubwa ya kununua. Ile midogo ya mtandaoni, unafungua ukurasa, unabofya, unacheza. Mwanzoni aliona haya, akiuficha ukurasa kila kivuli kikipita dirishani. Mwaka wa tatu haya zikamwisha. Kufikia mwaka wa tano hakuna mchezo ambao hakuwa na neno la kuusemea.

"Huo wa kupasua mapovu ukoje?" aliulizwa siku moja na dereva waliyemwita Kipara, aliyekuwa akichungulia kioo huku akisubiri risiti.

"Ni kama kutafuna kitu kisicho na ladha, shemeji. Mdomo unafanya kazi, tumbo halina habari."

"Na ule wa matunda?"

"Ule unasifia mno. Napanga ndizi tatu tu, naambiwa hodari, ajabu, huna mpinzani! Miaka ishirini ya ndoa sijaitwa hodari, leo naitwa na ndizi."

Kipara alicheka mpaka akashika kioo cha lori. "Wa shamba je? Mke wangu haambiwi kitu kwa ule."

"Mwambie aachane nao. Unapanda mahindi, halafu unaambiwa usubiri muda wa saa nane yakomae. Kusubiri ndiyo kazi yangu, tena kwa mkataba. Siwezi kwenda kusubiri tena kwa kujitolea."

Katika michezo yote alimheshimu nyoka peke yake, yule wa mchezo wa zamani. Nyoka hakusifii, hakuombi umwalike rafiki, hakuletei matangazo yenye alama ya kufungia ndogo kama jicho la sisimizi. Anakula, anarefuka, anakosa pa kupita, anakufa. "Yule ni mkweli," alisema Mama Tani.

Chini ya kila mchezo palikuwa na nafasi ya maoni. Wengine waliandika "mzuri sana" wakapita zao. Yeye alimwaga yote, bila kuuma maneno.

Ndipo akakutana na mchezo wa mtu aliyejiita Bisibisi. Umefungiwa chumbani, unatafuta funguo utoke. Mama Tani aliumaliza upesi, akaandika: "Nimetoka kabla lori la pili halijafika. Ufunguo mmoja kwenye jagi, mwingine chini ya zulia. Wewe hujawahi kufungiwa. Chumba kinachomshika mtu kweli hakina kufuli. Mlango uko wazi, anauona, na bado hatoki."

Siku mbili baadaye lilikuja jibu: "Asante kwa kutonivika kilemba cha ukoka. Chumba hicho umekiona wapi?"

Asubuhi nzima, mstari mmoja kila lori likiondoka, alimweleza: kibanda, karatasi ya ukutani, honi, askari wa nakuja-nakuja. Kisha akasahau.

Zikapita wiki sita, Bisibisi akamtumia mchezo mpya. Kibanda cha vioo, kiti, mtu mdogo amekaa, na upande wa kulia mlango ulio wazi. Hakuna pointi. Mama Tani akabofya mlango. Yule mtu akasimama, honi ikalia nje, na kidole cha Mama Tani kikabofya kiti kabla hajakituma. Akajaribu tena. Honi, kiti. Mara ya saba ndipo alipong'amua kwamba mchezo haukumrudisha hata mara moja. Honi ilikuwa kelele tu. Aliyerudi ni yeye.

Alishtuliwa na honi ya kweli. "Mama Tani, umelala?" Kipara aliita. Akainama dirishani. "Vipi, unalia?"

"Vumbi," alijibu, akampa risiti.

Kuandika maoni kulimchukua siku tatu: "Mchezo wako ni wa kweli, ndiyo maana unauma. Sitaucheza tena. Lakini usiufute."

Siku ya nne alimpigia askari mara mbili. Nakuja, mama. Lori la Kipara lilikuwa juu ya mizani. Mama Tani akachukua muhuri, akauweka mfukoni, akatoka. Honi ikalia mgongoni mwake, lakini hakugeuka. Alikwenda chooni, akanawa uso, akasimama uani dakika kadhaa bila sababu. Aliporudi, malori matatu yalikuwa kwenye foleni na meneja mlangoni.

"Umeacha mizani bila mtu?"

"Nilikwenda haja, bosi."

"Kuna utaratibu."

"Utaratibu nimeupigia simu mara mbili. Umesema unakuja."

Alipewa barua ya onyo. Ya pili ingekuwa ya kufukuzwa, na nyumba ingeondoka nayo. Mumewe aliisoma, akaikunja polepole. "Ungetuambia kwanza," alisema. Kwa wiki tatu hakuinuka kitini geti likiwa wazi.

Kipara na wenzake ndio waliokwenda kwa meneja. Walisema wao hushuka, hunyoosha miguu. Karani naye si chuma. Meneja hakulainika kwa ajili yake, ila aliogopa foleni nyingine kama ile. Akaamuru: nusu saa kila adhuhuri, askari akae kibandani, atake asitake.

Siku ya kwanza Mama Tani alitoka, akakosa pa kwenda. Nyumbani kulikuwa mbali. Akaifuata barabara ambayo malori hushuka nayo, akapanda mpaka kwenye uzio, na mbele yake likafunguka shimo. Kokoto zote alizopima miaka tisa zilitoka humo, naye hakuwahi kuliona. Lilikuwa kubwa kuliko mtaa wao. Mashine zilizokuwa chini zilionekana kama vibiriti. Upepo ulitoka huko ukiwa baridi.

Akaangalia saa. Zilibaki dakika tisa, na kurudi kulihitaji nane. Akasimama dakika ile moja yote, kisha akaanza kushuka kurudi kibandani.