Nyumba Hii Haiuzwi

Mie ni mtu wa nyumbani. Nalisema kwa heshima, maana pale mtaani kwetu Temeke jambo hilohilo waliliita kukaa kwa mama. Nilimaliza kidato cha nne kwa matokeo ambayo mama aliyapokea kwa maneno mawili, "Alhamdulillahi, umemaliza," akarudi kwenye vitumbua vyake vya barazani. Tangu hapo sikuhama chumba cha uani.

Safari zangu ziliishia pale ambapo nikigeuka bado naliona bati letu. Nikijitutumua sana nafika Buguruni. Na humo humo nilipiga picha vibao. Mtu akiandika kitu ukutani, mie nimo. Kuna fundi seremala aliyeandika "MAJENEZA YA KISASA, TUNAPIMA PAPO HAPO." Kwenye uchochoro wa nyuma yetu palikuwa na "HAPA SIO NJIA, HATA JANA HAIKUWA NJIA," na chini ya maandishi watu wanapita zao, mmoja na godoro kichwani. Picha zote nilizituma kwenye grupu la familia.

"Mpiga picha wetu wa taifa!" kaka yangu alikuwa akijibu, na vikatuni vya kucheka. Kaka ndiye mkubwa wetu. Amejenga Chanika, ana geti, na anaongea na watu kama vile wamekuja ofisini kwake.

Lakini picha nilizojivunia zaidi ni zile za kuta zilizoandikwa kwa rangi nyekundu: "NYUMBA HII HAIUZWI. OGOPA MATAPELI." Mgeni akizunguka Dar akayaona maandishi hayo kila mtaa, atadhani jiji zima limevamiwa na wezi wa nyumba. Mwenyeji anajua. Matapeli kweli wapo, ila mara nyingi anayeogopwa ana ufunguo wa mlango wa mbele, na siku ya Idi anakaa kwenye sinia moja na wenzake. Baba akishafariki, arobaini ikapita, kuna mtoto anaanza kuona nyumba imekuwa kubwa mno. Mwingine anamtafuta fundi wa maandishi. Ile rangi nyekundu ni ugomvi wa chumbani ulioanikwa barabarani. Mie nilikuwaga nacheka. Nikipata ukuta mpya naupiga, naandika chini yake, "Na hapa napo kumekucha."

Kisha baba yetu akafariki. Kikao cha ukoo kikamteua kaka kuwa msimamizi wa mirathi, kwa sababu ndiye mkubwa, na nadhani pia kwa sababu ndiye aliyekuja na shati la mikono mirefu.

Jumamosi moja asubuhi akaja, akasimama ng'ambo ya barabara, akaitazama nyumba muda mrefu.

"Mdogo wangu," akaniita, "hebu ipige hii nyumba ya mzee vizuri. Iwe kumbukumbu."

Maishani mwangu hakuna mtu aliyewahi kuniomba picha. Watu huniomba niache kuwatumia. Nilikimbia kuchukua simu kama naitwa kupokea tuzo.

Mama alikuwa barazani na jiko lake la mkaa, kikaango kimejaa, wateja wawili wamesimama na bakuli zao.

"Bi mkubwa, sogea kidogo," kaka akamwambia. "Unaziba nyumba."

"Naziba nyumba?" Mama hakuinua hata kichwa. "Nimesomba maji ya kufyatulia matofali ya nyumba hii nina mimba yako tumboni. Leo naiziba?"

"Dakika moja tu, mama."

Akainuka, mkono mmoja ukishika kiuno, mwingine ukishika upawa. Jiko nililibeba mie mwenyewe, na kikaango nikakirudia. Nikaanua kanga kambani. Nikafagia maganda ya nazi. "Na sie vitumbua vyetu vimo kwenye kumbukumbu au vinaungua?" mteja mmoja akauliza, tukacheka wote. Jua lilikuwa limeupiga ukuta sawasawa. Ilitoka picha nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga. Ukuta, mlango, baraza safi. Mtu hata mmoja hamna.

Wiki iliyofuata kijana wa bodaboda anayeegesha pale konani kwetu akanisogezea simu yake usoni.

"Braza, mnahama hamtuagi?"

Ulikuwa ukurasa wa dalali. Picha yangu, na juu yake: "INAUZWA. TEMEKE. IPO BARABARANI. MAZUNGUMZO YAPO." Na mie, Mungu anisamehe, kilichoniuma kwanza ni kwamba dalali ameikata pembe ya bati upande wa kulia.

Nikampigia kaka.

"Ile nyumba imechoka," akasema. "Bi mkubwa atakuja kukaa kwangu. Chanika hewa safi, atapanda mchicha."

"Umemuuliza?"

"Nitamwambia."

"Mie uliniambia ni kumbukumbu."

"Sasa si ndiyo kumbukumbu? Nyumba ikiondoka kitabaki nini kama si picha?"

Nilimweleza mama palepale jikoni pake. Aligeuza vitumbua kimoja kimoja mpaka vyote vikaiva, akamhudumia mteja, akajifuta mikono kwenye kanga. Ndipo akasema, "Kamwite yule fundi wa maandishi."

Fundi alikuwa ananijua. Nilishampiga picha akiandika kwenye kuta za nusu ya mtaa. Alipofika na kopo lake la rangi nyekundu alicheka mpaka akalitua chini.

"Hata nyie? Kila ukinipiga picha nilikuwa najisemea, huyu zamu yake inakuja." Akachovya brashi. "Sasa niweke na 'ogopa matapeli', au mnajuana?"

"Weka yote," mama akasema. "Na herufi ziwe kubwa. Mwenyewe azione akiwa hukohuko Chanika."

Nikaipiga picha, nikaituma kwenye grupu bila neno. Hakuna aliyecheka. Dalali aliacha kuleta watu kwa muda, na mama akaendelea kukaanga chini ya maandishi yake kama askari aliye lindoni.

Halafu kaka akaja na baba wadogo wawili. Hawakuja kwa ukali. Walikula vitumbua, wakavisifu, wakasema, "Hatukufukuzi, shemeji, tunakusogeza kwa mwanao." Nilipofungua mdomo kusema kwamba mama maisha yake yako barazani, na kwamba huko Chanika hamjui mtu, baba mdogo mmoja akanitazama kwa upole.

"Wewe baba, unatetea nyumba au unatetea chumba?"

Wakacheka. Na mie nikacheka, ndilo linaloniuma mpaka leo. Ulikuwa utani mzuri. Kaka akaongezea, "Mtu mzima, ndevu hizo, anaogopa kupanga." Nikainuka. Naye akainuka. Sijui tungefanya nini, maana ugomvi wa mwisho kati yetu tulikuwa watoto.

"Kaeni," mama akasema. Tukakaa. Alituangalia kwa zamu, yule kisha huyu. "Basi. Uzeni. Sitaki mje kunizika hamsalimiani."

Alisaini kwa mkono wake. Na mie nilisaini.

Aliyenunua hakutaka nyumba, alitaka mahali ilipokuwa. Siku ya kubomoa sikwenda, lakini mtu mwingine mwenye tabia kama yangu alikuwepo. Picha yake ilinifikia kwenye grupu la watu tuliosoma pamoja: ukuta wetu umebaki nusu, tingatinga liko nyuma yake, herufi nyekundu zinasomeka zote. Chini ameandika, "Hawa walikuwa wabishi." Vikatuni vya kucheka vimejaa. Ni picha ambayo mie ningeipiga. Maneno hayo pia ningeyaandika. Siku hizi pale kuna safu ya maduka mapya, yameandikwa "FREMU ZINAPANGISHWA."

Tuko Chanika. Mie nilihamishwa pamoja na mama, kama friji. Mama bado anaamka alfajiri kukaanga vitumbua, ingawa barabara ni ya mchanga na wapitaji ni wa kuhesabu. Shemeji, mke wa kaka, alilalamika kwamba moshi unachafua ukuta wa mbele, kwa hiyo mama anakaangia nyuma, karibu na banda la kuku. Vinavyobaki wanakula kuku.

Juzi aliniambia, "Hebu nionyeshe pale nyumbani."

Nikampa ile picha nzuri. Akaisogeza karibu na macho, akaisogeza mbali.

"Mie niko wapi?"

"Ulisogea, mama. Tulikuambia usogee."

"Tafuta nyingine."

Nilitafuta. Majeneza, uchochoro, kuta za watu, miaka na miaka ya kuta za watu. Mwishowe nikapata moja ya gari la taka lililoandikwa maneno ya mapenzi, likipita mbele ya nyumba yetu. Pembeni kabisa, mahali ambapo ningepaondoa kama ningeona, kuna mkono umeshika upawa.

"Huu ni wangu?"

"Wako."

Aliutazama kidogo, akanirudishia simu. Akachukua upawa, akakigeuza kitumbua kilichokuwa kimeanza kuungua.