Jarida la Roki na Kanzu ya Kassim

Nakumbuka Alhamisi moja ya miaka ya tisini, mwanangu, nilipochukua wembe nikamkata rafiki yangu na kumtupa kwenye kikapu cha taka. Usishtuke, nilimkata kwenye picha tu. Lakini neno hilo "tu" halijawahi kunipunguzia kitu moyoni, na ndiyo maana nakusimulia wewe, ambaye siku hizi unakata watu na kuwabandika kwa kidole kimoja kwenye simu.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilifanya kazi kwenye duka dogo la taipu na fotokopi kule Bondeni, na nilikaa Mji wa Kale kwa shangazi yangu, Bi Zuhura, ambaye kazi yake ilikuwa kuchora leso, yaani kanga. Mfanyabiashara alimletea vipimo, naye akakaa na penseli na rula yake, na baada ya miezi michache wanawake wa mji mzima walikuwa wamejifunga kazi yake bila kumjua. Ufundi wa kuchora niliurithi kwake. Mapenzi ya muziki wa roki sijui niliyarithi kwa nani, maana shangazi alishikilia kwamba katika ukoo wetu hapakuwahi kuwa na masikio mabovu kiasi hicho.

Vijana wanne wa rika langu walikuwa na bendi. Walifanya mazoezi kwenye gereji ya nyumba moja kubwa kule Kizingo, ambako nyumba ziko mbalimbali na mtu anaweza kupiga kelele bila kuitiwa wazee. Mwimbaji wao alikuwa Chengo, mtu wa Kaloleni, karani bandarini, aliyelipiga gitaa kana kwamba ana ugomvi nalo. Mpiga ngoma alikuwa Kassim, mwana wa mpika haluwa wa mtaani kwetu, tuliyesoma naye chuo cha Kurani tangu hatujui alifu kwa kijiti. Wakaamua watoe jarida la roki la watu wa Mombasa, waliite Kishindo, nami nilitengeneze kuanzia jalada hadi ukurasa wa mwisho. Nilifurahi mno, sikulala vizuri siku mbili.

Sikuwahi kuona jarida la roki likitengenezwa, lakini nilikuwa nayo matano yaliyoachwa na mabaharia. Niliyasoma mpaka yakafumuka mishono. Nikagundua kwamba yote yana sheria zile zile, ijapokuwa yanajifanya hayajui sheria. Jina hukaa juu, kwa herufi kubwa zilizopinda kana kwamba zimepigwa teke. Rangi ni nyeusi na nyekundu. Watu wa jaladani hawacheki hata kidogo, wanakutazama kama umewakanyaga. Nguo ni nyeusi, za ngozi ikiwezekana. Pembeni kuna vichwa vya habari vinavyokufokea, na karatasi huonekana imechanwachanwa kwa hasira. Nilizihifadhi sheria hizo zote, na hapo sikukosea, mwanangu, kwa sababu msomaji anataka ajue kwa mbali ameshika kitu gani.

Siku ya kupiga picha ilikuwa Ijumaa, alasiri. Kamera ilikuwa ya kuazima na mwenyewe alikuwa anaondoka na basi la Nairobi jioni ile ile kutoka Mwembe Tayari. Makoti nayo yalikuwa ya kuazima, meusi, mazito. Wale watatu waliyavaa katika joto la Machi, jasho likawachuruzika mpaka Chengo akaomba feni. Wazee walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo, na siku ile niliona kwamba haiyaachi hata yapumue. Kassim akaja amechelewa, akitoka msikitini, amevaa kanzu nyeupe na kofia yake ya kushonwa kwa mkono. Nikamwonyesha koti lake. Akasema, kwa upole, kwamba yeye atapigwa picha vivyo hivyo. Nikadhani ni utani, na kwa kuwa mwenye kamera alikuwa anaangalia saa, tukapiga.

Picha iliyotoka vizuri ilikuwa moja tu, na mle Kassim alikuwa amesimama mwisho wa mstari, mkono wake begani kwa Chengo, anatabasamu. Alhamisi, dukani, nilikaa nayo mbele yangu saa nzima. Herufi za jina zilikuwa zimeshabandikwa, zimepinda vizuri. Kila kitu kilikuwa roki isipokuwa yeye. Jarida lilitakiwa kwa mpiga chapa Jumamosi asubuhi, na mimi nilikuwa nikiona aibu mapema, nikiwawazia watu wa Nairobi wakicheka jalada la bendi yenye mtu wa kanzu. Basi nikaweka rula, nikapitisha wembe. Nikajiambia kwamba mpiga ngoma hukaa nyuma siku zote, hataonekana kama amekosekana. Mtu akitaka kudhulumu hakosi hoja.

Nilirudi nyumbani na ule ukurasa nikiutembeza kama mwenye mtoto mchanga. Shangazi alikuwa kwenye mkeka wake anachora. Akafuta vidole, akaupokea, akautazama kwa jicho lile la kazi. Akasifu herufi. Akasifu nilivyoacha nafasi juu ya vichwa. Kisha akasogeza karatasi dirishani na kuweka ukucha wake begani kwa Chengo.

"Mwanangu, huu mkono ni wa nani?"

Nilikuwa nimekata mwili nikasahau vidole. Vilikuwa vinne, vimelala juu ya koti jeusi, havina mwenyewe.

Nikamwambia ni vya Kassim. Akauliza Kassim mwenyewe yuwapi. Nikaanza kumweleza sheria za jarida la roki, moja baada ya nyingine, kwa kirefu, naye akanisikiliza mpaka nikaishiwa. Hakunipigia kelele. Afadhali angenipigia.

"Mimi nachora leso mwaka wa thelathini huu," akasema. "Pindo silivunji, na mji nauweka mahali pake katikati, na jina, yale maneno yake, chini yake, kwa sababu bila hivyo mtu hatajua kama ni leso au ni pazia. Sheria zako nazikubali zote. Lakini leso yaanza na mwenye kuivaa. Weye umeanza na pindo, kisha ukamkata mtu alitoshe."

Akanirudishia ukurasa, akaendelea na kazi yake. Niliona haya, mwanangu, haya ya kweli, ile inayokaa shingoni. Usiache mbachao kwa msala upitao, methali hiyo nilikuwa nimeiandika kwa mwandiko mzuri tangu mtoto, na kumbe nilijua kuiandika tu.

Ijumaa asubuhi niliwahi dukani kabla ya tajiri mwenye duka. Kazi ya kumwaga taka ilikuwa yangu, na uvivu wangu ndio ulioniokoa siku ile, kwa maana kikapu kilikuwa bado kimejaa. Nilimkuta Kassim katikati ya karatasi za kaboni, amepata doa la chai kwenye mkono wa kanzu na amepasuka kidogo ubavuni, lakini uso ulikuwa mzima. Nikamfunga katika bahasha. Kisha nikafanya jambo gumu kuliko yote, nikaenda dukani kwa baba yake kumwambia. Ningeweza kumbandika tena kimya kimya, asijue. Lakini mficha maradhi kifo humuumbua, na mpaka leo sijajuta kwamba nilisema.

Mzee alikuwa ndani anakoroga. Nilimwamkia, akaniitikia na kuniuliza hali ya shangazi, kisha Kassim akatoka nami kibarazani. Nikamwonyesha kipande. Alikishika, akalipangusa lile doa la chai kwa kidole gumba.

"Baba huniambia ngoma hizi zanigeuza mtu mwengine," akasema. "Nikamwambia, ngoja jarida litoke, utaniona vile nilivyo. Ndiyo maana nilikuja na kanzu."

Akaniambia kwamba kama hafai kuonekana hivyo, basi nitafute mpiga ngoma mwengine, naye hatakuwa na kinyongo. Alikuwa nacho, na alikuwa na haki ya kuwa nacho. Nikamwomba msamaha, nikamwomba anipe mpaka kesho.

Adhuhuri ile nilijifungia nyuma ya mashine ya fotokopi. Nilimrudisha mahali pake, nikatia gundi, lakini mshono ulionekana, mstari mweupe kutoka kichwani mpaka chini. Nilijaribu kuuziba kwa wino, ukazidi kuwa mbaya. Karibu nilie. Ndipo nikayakumbuka majarida ya mabaharia na karatasi zao zilizochanwa. Kumbe sheria zile zile nilizozitumia kumtoa zilikuwa na mlango wa kumrudishia! Nikaacha kuuficha mshono. Nikauchana zaidi kwa vidole, ukingo ukawa na meno, na kichwa cha habari nikakipitisha juu yake kwa herufi nyekundu. Nilipopiga fotokopi ya majaribio, makoti meusi ya wale watatu yalishikana yakawa kiza kimoja, na kando ya kiza kile kanzu ya Kassim iling'aa, jicho halikuwa na pa kwenda isipokuwa pale. Tabasamu nililiacha lilivyo. Kesho yake, kabla ya kwenda kwa mpiga chapa, nilimwonyesha Kassim, akaniambia nipeleke. Mwanangu, katika maisha yangu nimetengeneza majalada mengi, na mpaka leo sijapata kutengeneza bora kuliko lile.

Wiki iliyofuata tulikwenda pamoja kumpelekea baba yake, mimi na Kassim, nakala ikinuka wino. Mzee alifuta mikono kwenye kitambaa, akaishika karatasi mbali kwa kuwa hakuwa na miwani. Aliuliza wale watatu wana homa gani hata wakavaa makoti Mombasa. Kisha akaitazama picha, mpaka mteja mmoja akachoka kusubiri haluwa yake akaondoka.

"Kofia umeivaa kombo," akamwambia mwanawe.

Kassim akainua mkono na kuinyoosha kofia aliyokuwa nayo kichwani, ijapokuwa ya pichani ndiyo iliyokuwa kombo. Mzee akaikunja nakala taratibu, akaitia mfukoni mwa shati, akauliza, "Kuna ingine? Nataka nimpelekee ami yako Lamu." Kassim aligeukia ukutani asionekane uso. Mimi nililia waziwazi, maana sikuwa na sababu ya kujificha.

Kishindo kilitoka mara mbili, kikafa. Bendi nayo ikatawanyika, kila mtu na riziki yake. Sikuhuzunika sana, kwa sababu kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na tangu siku ile sijakosa kazi ya kutengeneza vitabu na majarida, wala Kassim hajakosa kunijulia hali kila Idi.

Basi nasaha yangu ni hii. Usidharau desturi za kazi unayoiingia. Jifunze kila moja, hata zile za ugenini, uzijue kama unavyojua njia ya kwenu, kwa sababu asiyezijua hawezi kuzitumia, hubaki kutumiwa nazo. Lakini kabla hujaanza kupima, muulize aliye mbele yako kwa nini amekuja vile alivyokuja. Mimi sikumuuliza Kassim, na swali lile lingenichukua nusu dakika. Na ukishakosea, kwa maana utakosea, nenda kwa mwenyewe ukaseme, ungali na kipande mkononi, kabla taka hazijamwagwa.

Mola akupe kazi unayoipenda na watu wa kukukosoa kwa upole. Akufungulie milango pale unapodhani umeharibu, na akujaalie wazazi wako wakutazame katika kazi yako wakujue kuwa ni wewe. Amina, mwanangu.