Vijidudu vya Kuazima

Msimu wa korosho, mbuzi pekee wa jirani yangu pale Mnyambe, tena mwenye mimba, alivamia lundo la mabibo, matunda ya mkorosho, yaliyochacha. Aliyumba, kisha akagoma kula siku mbili. Jirani akaja kwangu analia.

"Bwana Mifugo, anakufa!"

"Bado, mama. Tumboni mwake huishi vijidudu wengi. Wanakula majani, wanazaana, halafu mbuzi anawameng'enya wao wenyewe. Hiyo ndiyo protini yake. Mabibo yamewaua, basi tuazime wengine."

"Kumbe mbuzi wangu anakula nyama?"

"Kidogo kidogo, mama, lakini kila siku. Anatushinda sisi."

Tukaenda kwa mtani wake, mwenye beberu mzima. Beberu alipocheua, nikaingiza mkono mdomoni nikachomoa bonge la majani.

Mtani akacheka. "Nyie hata kutafuna mnatafuniwa!"

"Nyamaza!" jirani akamjibu. "Beberu wako ananuka mdomo kama mwenyewe."

Tukalikoroga bonge kwa maji, tukamnywesha mgonjwa.

Kesho yake asubuhi jirani alinijia mbio, amenyanyua khanga yake mpya iliyoliwa pindo lote. Sijawahi kuona mtu akifurahia hasara namna ile.